Nyumba Isiyo na Ukuta Nyuma

Kasongo, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024

Mjomba Iliasi mpendwa,

Assalamu alaikum. Nisamehe nikianza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Tangu nilipoingia sekondari, nikitoka shule sifuati njia fupi ya kurudi nyumbani. Ninazunguka. Leo ninapita kartie hii, kesho mtaa ule, nikitazama nyumba za watu: mlango unaangalia wapi, kivuli kinaanguka upande gani, nguo zinaanikwa wapi. Kisha ninachagua moja na kuipangia watu wa kukaa ndani yake. Wenzangu wanadhani ninachelewa kwa sababu ya vitabu. Ulipotuma habari kwamba mwenye nyumba wenu wa Lubumbashi anataka mtoke kabla ya mwaka kwisha, na kwamba mnatafuta mji mdogo wa kununua nyumba yenu wenyewe, kila mtu hapa alishika kichwa. Mimi nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nilijiona nimejiandaa kwa kazi hiyo miaka mingi bila kujua.

Sasa salamu. Mnaendeleaje huko? Miguu ya mkeo, Mama Mado, imeacha kuvimba? Na yule mtoto wenu mdogo, bado anakataa kula mpaka asimuliwe hadithi? Sisi hapa ni wazima. Homa iliyompata Mama imemwacha, na amekwisha kurudi sokoni na chumvi yake na sabuni. Baba anakohoa tangu mvua zianze, lakini anakataa kuitwa mgonjwa. Mimi niko mwaka wa tano, sehemu ya pedagojia, ya ualimu, na mwakani nitafanya mtihani wa Serikali tukijaliwa.

Ninaandika kwa sababu kwenye simu mtandao unakatika kila tunapofika kwenye jambo lenyewe, na mimi kwenye simu najua kusema ndiyo tu. Nitapiga picha kurasa hizi na kuzituma kwa simu ya Baba. Msomee Mama Mado polepole. Kuna sehemu inayomhusu yeye kuliko wewe.

Tulianza na Kabambare. Baba alitaka sana Kabambare iwe ndiyo jibu, maana dada zake wako huko na wangewapokea vizuri. Tulikwenda kwa moto, pikipiki moja, dereva mbele, Baba nyuma, mimi katikati kama gunia la mihogo. Penye matope tulishuka tukasukuma, na mahali pengi palikuwa na matope. Kiwanja tulichoonyeshwa ni kizuri, Mjomba, siwezi kukisingizia. Udongo mweusi, bei ndogo, nafasi ya kulima na bado watoto wakabaki na uwanja wa kuchezea mpira. Watu wake ni wapole. Lakini Mama Mado anaishi kwa kuoka mikate, na unga wa ngano unafika Kabambare kwa njia ile ile tuliyopita sisi. Mvua zikizidi haufiki. Baba alisema njia itatengenezwa. Dereva akamjibu kwamba habari hiyo aliisikia tangu alipokuwa akiendesha baiskeli.

Kule Lusangi tulipumzika tu. Nyumba za kuuzwa zipo, na si ghali, ila wengi wanaokaa karibu nazo wamekuja kuchimba madini na wataondoka. Mimi nilikuwa nikitafuta jirani ambaye atakuwepo bado watoto wenu watakapokuwa wakubwa. Baba hakubisha.

Basi tukarudi Kasongo, na ndipo Antoine, fundi cherehani, alipomwambia Baba kwamba anahamia Kindu kwa mwanawe na anauza nyumba. Naijua nyumba hiyo. Nimeipita mara nyingi. Ni ya matofali ya kuchoma na mabati, vyumba vitatu na sebule, na baraza ambayo jua haliifikii baada ya adhuhuri. Chemchemi iko karibu, mtoto wa miaka saba anaweza kwenda na kidumu chake peke yake. Shule ya misheni iko mwisho wa barabara, na kanisa la Mama Mado pembeni yake. Adhana ya msikiti wetu utaisikia ukiwa kitandani. Bei yake ni chini ya kodi mnayolipa huko kwa miaka miwili, na Antoine hana ndugu wa kudai, maana aliijenga mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda kuzunguka mipaka pamoja na shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na majirani, kama inavyotakiwa. Antoine aligusa kila pembe, majirani wakaitikia. Alipomaliza akasema, "Uwanja wote ni wenu." Hapo Baba akampigia simu Mama Mado na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie. Mama Mado aliuliza kama nyuma ya nyumba kuna nafasi ya tanuru ya mikate, na kama anaweza kukata miti na kujenga ukuta, maana Lubumbashi wezi wamemchosha. Baba akamjibu kwamba uwanja ni wake, afanye anavyotaka. Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Hata Mama Subira, jirani wa nyuma, alikubali.

Hilo ndilo lililonishtua. Nyuma ya nyumba ya Antoine kuna michikichi minne, na katika kuzunguka kwangu nimemwona mara nyingi Mama Subira akiingia pale na mkwe wake kukata ngazi, matunda ya mawese, bila kubisha hodi, na Antoine akiendelea kushona.

Mjomba, wewe ulizaliwa hapa, umekwisha kuelewa. Mama Mado, hapa ndipo penye sehemu yako. Kwetu ardhi ni ya aliyenunua, lakini mchikichi ni wa aliyepanda, na baada yake ni wa watoto wake, hata kama kiwanja kimeuzwa mara ngapi. Hakuna anayelitaja jambo hilo wakati wa kuuza, kama vile hakuna anayetaja kwamba barabara haiuzwi. Baba aliposema ufanye unavyotaka, hakukudanganya. Michikichi haikuwemo kabisa kichwani mwake. Wala Mama Subira hakufikiri kwamba mtu angeweza kuigusa. Kila mtu alitikisa kichwa kwa jambo lake.

Mnajua nilivyo mbele ya watu. Lakini simu ilikuwa imekatika na shefu alikuwa amekwisha kusimama. Nikauliza, "Na michikichi ya nyuma ni ya nani?"

Walicheka. Antoine alicheka mpaka akashika kiuno. "Binti wa vitabu," akasema, "ngazi iko ya ule mwenye alipanda. Hata kuku wa hapa wanajua."

"Mama Mado hajui," nikasema. "Yeye ni mzaliwa wa Lubumbashi."

Kicheko kikaisha. Baba aliitazama simu mkononi mwake. Shefu akasema mambo ya wanawake wataelewana wenyewe wakifika, na watu wakaanza kuondoka. Njiani Baba alisema vilevile: tulipe, waje, watazoeana. Alikuwa na haraka kwa sababu kuna mfanyabiashara anayeitaka nyumba ile iwe depo ya bidhaa zake. Lakini nilifikiria asubuhi yenu ya kwanza Kasongo, Mama Mado ametoka na panga kusafisha mahali pa tanuru, na Mama Subira amesimama upande wa pili. Ukianza hivyo na jirani, hata nyumba iwe nzuri vipi, watoto watakua wakiambiwa wasipite kwa fulani.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda kwa Mama Subira peke yangu. Nilimkuta anachemsha ngazi kwenye pipa. Alinipa kigoda na kuniambia nisogee, moshi usiniharibie sare. Nikamweleza yote: tanuru, ukuta, wezi wa Lubumbashi. Alisikiliza akikoroga, kisha akasema:

"Nyumba wauze, ardhi wauze. Ile miti iko ya bwana yangu. Alikufa, imebaki inasomesha watoto wake. Mimi siuzi, na asinikatie hata mmoja."

Nikamuuliza kama basi ni afadhali Mama Mado asije. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Nani alisema asije? Aje. Tanuru aweke upande wa barabara, kwenye jiko ya zamani ya Antoine, wateja watamwona. Makapi ya ngazi nitamuachia, na matawi makavu, yanawaka kuliko kuni. Ila nyuma asijenge ukuta. Nikizungukia barabarani na mikungu kichwani, nitafika lini, mimi na magoti haya?"

Nikamwambia kuhusu wezi. Akasema kwamba yeye hulala macho wazi, na kwamba tangu Antoine akae pale hakijapotea hata kitambaa. Antoine mwenyewe amenithibitishia, ila alisema kuna kuku mmoja aliyepotea, na anamshuku Mama Subira mpaka leo. Alisema hivyo kwa sauti kubwa ili asikike upande wa pili, na jibu alilolipata siwezi kuliandika.

Nilikwenda pia kutazama jiko lile la zamani. Paa limeoza lakini kuta ni nzima, na tanuru itaingia na nafasi itabaki ya meza ya kukandia.

Kwa hiyo jambo lenyewe ni hili. Mkinunua, mnanunua nyumba isiyo na ukuta nyuma, ambayo jirani anaingia uwanjani bila hodi kila ngazi zinapoiva, na miti minne mtakayoipalilia bila kuila. Nimelipima kila upande na sina wasiwasi: nunueni. Katika nyumba zote nilizozitazama, hii ndiyo ningewapangia ninyi. Watoto wenu hawana mtu Kasongo isipokuwa sisi, na sisi tuko mbali kidogo na pale. Siku Mama Mado akiwa sokoni na mtoto akashikwa na homa, wa kwanza kujua atakuwa Mama Subira, na ataingia kwa njia yake ya nyuma. Lakini neno la mwisho ni la Mama Mado, na safari hii atalisema akiwa anajua. Akiona hawezi kuishi bila ukuta, mseme wazi, na nitaanza kutafuta tena bila kinyongo.

Mama anawasalimu sana na anasema mje na vitenge, hapa ni ghali. Baba anamsalimu Mama Mado peke yake, mara mbili, naye ataelewa kwa nini. Bibi Latifa, hapa nyumbani, anauliza kila siku mnafika lini, na amekwisha kuwatengea watoto kitanda. Wasalimu wote watatu, na yule mdogo mwambie hadithi ninazo. Mwenyezi Mungu awape mlango wenu wenyewe, na awafikishe hapo mkiwa wazima.

Nimalizie na yaliyofuata. Jana nilimpa Baba maneno ya Mama Subira. Alimaliza chai yake, kisha akasema neno limetoka kwangu, nilipeleke mwenyewe, kwenu na kwa Antoine. Leo asubuhi kabla ya shule nikaenda kwa Antoine. Alikuwa anajaza makaa kwenye pasi. Nikamwomba asimpe mtu mwingine jibu mpaka Ijumaa, ninyi mpate kuongea.

"Baba yako iko wapi?" akauliza.

"Yuko nyumbani. Amenituma mimi."

"Si wewe ndiye unapitaka hapa kila siku bila kusalimia watu?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

Akasema Ijumaa baada ya sala, si zaidi, na jibu lisipofika, yule mfanyabiashara atapewa funguo. Nikamwita Mama Subira aje asikie. Akaja, Antoine akarudia, nikawashukuru wote wawili nikaondoka.

Nilifika shuleni nimechelewa. Mwalimu alinisimamisha mlangoni na kuniuliza mbele ya darasa zima nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa ninanunua nyumba. Wakacheka, nikaenda kukaa kwenye benchi yangu.

Mpwa wako akupendaye,
Rachida