Kufuli la Ghala

Jumatatu, Mfungo Nne

Sasa hata kufuli la ghala limekufa, na ufunguo wake ninao mkononi.

Marehemu mume wangu alinunua mawili ya aina moja kwa Mhindi wa Ndia Kuu: hilo la ghala na la kasha nililopewa na mama. Ufunguo wa kasha haujaonekana tangu siku aliyooshwa marehemu. Fundi hawezi kuingia kwangu nami nimekaa eda, na shemeji hataki kasha litoke. Jana alisema nyuma ya pazia, "Shemeji, usijisumbue. Ijumaa tutalipiga shoka."

Basi nikajifundisha kufungua bila ufunguo, kwa hilo la ghala. Nilisukuma nje ule moyo unaozungushwa na ufunguo, nikaufuatiza kijiti cha unene uleule ili kamani, zile springi ndogo za ndani, zisiruke. Vijipini vya shaba nikavipanga kwenye sinia. Nikarudisha kimoja, nikalifungua kufuli kwa sindano. Leo asubuhi nililifungua likiwa na viwili. Nilicheka, mara ya kwanza tangu...

Nilikuwa nimeutoa tena moyo wa kufuli wifi alipopiga hodi. Nikashtuka, nikachomoa kijiti. Kamani zikaruka, vijipini vikachanganyika.

"Wafanya nini, wifi?"

"Nachagua mchele."

Kila kijipini kina urefu wake, na ufunguo hauzunguki kimoja kikikosa mahali pake. Nimevipanga na kuvipangua hadi alasiri. Hauzunguki.

Shoka analolisema shemeji ni letu. Limo ghalani, na ghala sasa halina kufuli.