Refa Haoni Upande wa Kushoto

Mpendwa shangazi Dochka,

Naomba msaada, maana tangu Jumapili silali, nikifumba macho namwona yule kijana amelegea kwenye mkeka. Mimi ni jaji wa mieleka hapa Sliven, nakaa pembeni na vibao vyangu, chekundu na cha bluu, na refa wangu ni Rangel, kum wetu, ndiye aliyetusimamia ndoa na kumbatizisha mwanangu, na kum hakosewi heshima hata kwa utani. Shangazi, jicho lake la kushoto limekufa, tunajua mimi na mkewe tu. Aliniomba nimfichie mpaka astaafu, basi tukapanga, pointi ikiwa upande wake wa giza nainua kibao mapema kidogo, naye ananyoosha vidole kunifuata, na mwenyekiti wa mkeka akiona wawili tumekubaliana hana la kuuliza. Watu wanatusifu eti tunaelewana kama mapacha. Jumapili kijana huyo, Ognyan, alikabwa shingo upande ule ule, nikainua kibao, nikasimama, Rangel amenipa kisogo hanioni, ukumbi wote kelele, ningemwita mwenyekiti lakini angeuliza kwa nini refa haoni, nikasita, na mpinzani alipoachia mwenyewe kijana alikuwa ameshazimia. Alizinduka, namshukuru Mungu. Baadaye Rangel akaniambia, "Usitetemeke binti yangu, fainali tutakuwa makini zaidi." Fainali ni Jumamosi, Ognyan yumo maana aliyemkaba alitolewa, nami naogopa kumwaibisha kum, na naogopa zaidi kuua mtoto wa watu. Nifanyeje?

Zlatina

Zlatina mwanangu,

Pole. Hofu yako ni ya haki, usitafute dawa ya kuituliza. Lakini nawe umezidi! Mmewekwa watatu, refa, jaji na mwenyekiti, ili mmoja akikosea mwingine amsahihishe. Nyinyi mmebaki na jicho moja, la kwako, na siku lilipoona hatari ukalifumba. Kijana anakosa pumzi, wewe unawaza utaulizwa nini.

Nenda leo kwa Rangel pamoja na mumeo. Peleka banitsa, pai ya jibini, ikiwa ya moto, mbusu mkono kama desturi, kisha mwambie mbele ya mkewe, "Kesho umwambie mwenyekiti, usipomwambia nitamwambia mimi." Usimwombe, mwambie. Akilia, lia naye, ila usirudi nyuma. Na wewe ukiri sehemu yako, hata wakikufungia, na Jumamosi usikae kwenye kiti kile.

Atakununia, pengine Pasaka hatakanyaga kwenu, na utaumia. Lakini Jumamosi Ognyan akikabwa, watakuwepo watu watatu wanaomwona.