Mwanangu Amenishitaki kwa Diwani

Mpendwa mshauri, salamu zikufikie hapo ulipo, na baada ya salamu naomba unisikilize mpaka mwisho, kwani nikikatizwa nitalia na nguo za watu ninazofua bado zimo besenini.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Bondeni, na tangu mume wangu aachishwe kazi bandarini mwaka jana anasukuma mkokoteni sokoni Marikiti, siku hupata, siku hurudi na ndizi zilizopondeka, basi chakula kisipotosha mimi huwaambia watoto nimefunga, Jumatatu nimefunga, Alhamisi nimefunga, hata nikawa nafunga siku zisizo na jina, nao wakila wakishiba mimi hujiona nimeisitiri nyumba yangu.

Siku ya Idi jirani akatuletea sahani ya pilau, nikawagawia, na mkubwa wangu, nitamwita Mejumaa, ana miaka kumi na mmoja, akanisogezea fungu lake. "Mama, kula." Neno likaniponyoka: "Nimeanza ile sita ya baada ya Ramadhani." Akanitazama tu. Mshauri, hizo funga sita huanzwa Idi Pili, kufunga Idi Mosi ni haramu, na mtoto wa madrasa huyo alijua kabla sijafunga mdomo.

Alichana karatasi ya daftari akamwandikia diwani wetu, akaipeleka mwenyewe ofisini: "Mheshimiwa, mamangu amefunga hata Idi. Sikuombi chakula. Nakuomba umwamrishe ale, kwani mimi hanisikii. Na babangu umtafutie kazi anayoijua, yeye ni mtu wa kreni."

Diwani akajibu! Barua yenye muhuri ikaja shuleni pamoja na ile ya Mejumaa, mwalimu mkuu akazisoma zote mbili mbele ya watoto wote: Jumamosi diwani anakuja kwetu na gunia la unga na mpiga picha. Sasa nikienda mferejini naulizwa, "Mama Saumu, leo wafuturu nini?" Mume wangu hali, halali, asema mtoto ametuvua nguo sokoni, ni lazima aandike tena akiri alisema uongo. Mejumaa akamjibu kwa adabu, "Nitaandika, Baba, lakini niseme uongo ni upi?" Nikakimbilia jikoni nikacheka mpaka nikalia, kwani mimi niliishia darasa la saba na sijathubutu kumwandikia mkubwa yeyote. Aibu ninayo, lakini fahari ni kubwa zaidi, hainienei kifuani. Je, nimwache aandike, au nimkatalie babake?

Mama Saumu, Bondeni

Mama Saumu,

Pole, mwanangu. Sasa nikukaripie. Mwongo katika nyumba hiyo ni mmoja, na si Mejumaa. Uongo wako ulikuwa wa mapenzi, najua, lakini njaa uliwaficha majirani tu. Mtoto alikuwa akiitazama usoni mwako kila siku.

Barua ya pili asiandike. Ukimlazimisha aifute kweli kwa mkono wake mwenyewe, siku nyingine akipatwa na jambo hatakwambia hata wewe. Babake mwambie mkiwa wawili, kwa upole: hakuna aliyemvua nguo. Hebu aisome tena barua ile. Mtoto amemtaja kuwa mtu wa kreni, hakumtaja mkokoteni. Mwulize, Mombasa nzima, nani mwingine angali akilikumbuka hilo?

Wale wa mferejini wajibu, "Siku hizi nafuturu mchana," ujaze ndoo yako uende zako.

Kabla ya Jumamosi nendeni kwa diwani, wewe na mumeo, na Mejumaa mbele, maana safari ameianza yeye. Mshukuruni. Unga pokeeni, kupokea si aibu, ila mpiga picha abaki ofisini. Kisha ulizieni ile kazi: ni lini, na mumeo amwone nani? Msinyanyuke bila jibu.

Lililobaki halihitaji diwani. Leo pakua sahani tano, hata kama kila moja ni matonge matatu. Keti mkabala na Mejumaa, ule, mpaka yeye mwenyewe aache kukutazama.