Swali la Leokadia Kuhusu Pombe ya Bibi

Leokadia mwanangu,

Najua ukiona mwandiko wangu utataka kuichana karatasi hii. Haya, ichane, ila uisome kwanza. Tangu uache kuja shule mimi situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda dirishani, mpaka wenzangu ofisini wananiuliza kama nina malaria.

Unaikumbuka siku ya madodoso? Chuo ninakosoma wakati wa likizo kilinitaka nipime kama wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanayapenda masomo ya sayansi, na kama wanaona yanawafaa huko majumbani. Kila sentensi mlitakiwa kuiwekea alama ya vema, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali sana". Faustini, monita wenu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, tuchague ipi ili tufaulu?" Nikacheka. Nikamjibu, "Mwalimu wenu mnamjua, na anachopenda mnakijua." Nilidhani natania. Basi darasa zima likajaza "nakubali sana" kutoka juu mpaka chini, hata pale palipoandikwa "Kemia inanichosha". Jamani! Huku kwetu mtoto hamwambii mkubwa kwamba mboga yake haina chumvi, sembuse mwalimu wake.

Wewe peke yako ulikataa. Kwenye sentensi "Ninayojifunza katika sayansi yanahusu maisha yangu" uliweka vema kwenye "sikubali kabisa", na chini yake ukaandika kwa penseli: "Nilimuuliza mwalimu kuhusu pombe ya bibi. Akasema haipo kwenye mtihani." Fomu hazikuwa na majina, lakini nani mwingine angeandika hivyo?

Mungu anisamehe, niliisoma kwa sauti. Nikasema, "Kumbe tuna mpika pombe humu ndani, anataka mtihani wa pombe." Wenzako walicheka kwa sababu mimi nilicheka. Wewe hukulia. Ulikusanya madaftari yako, ukasema, "Samahani, mwalimu. Nilidhani mnataka kujua," ukatoka. Kesho yake dawati lako lilikuwa tupu, na hadi leo ni tupu.

Jumamosi iliyopita nilikufuata kwenu Nyamigogo. Ulikuwa umekwenda kuvuna maharage kwa shangazi yako huko Nyamahanga, nikamkuta bibi yako peke yake. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema. "Ndiye wewe mwalimu usiyependa maswali?" Leokadia, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini alinipa kigoda nikakaa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, naye alikuwa akiongeza majani ya mgomba juu ya mtumbwi wa pombe, lile gogo lililochongwa ambamo pombe ya ndizi huchachuka, na kusogeza makaa karibu yake. Nikamuuliza kwa nini anafanya vile. Akanitazama vizuri, kuona kama namdhihaki.

"Kukiwa na baridi inachelewa kuiva," akasema. "Ukiipa joto inawahi. Hata hilo shuleni hamlijui?"

Siku ile uliponiuliza kwa nini pombe ya bibi huchelewa wakati wa mvua, mimi nilikuwa nafundisha nini? Nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa mkono wangu mwenyewe: joto na kasi ya mmenyuko wa kemikali. Uliniuliza somo lenyewe! Darasa zima wewe ndiye uliyekuwa umelielewa, nami nikakujibu kwamba halipo kwenye mtihani. Na mbaya zaidi, mimi nimekulia Ngara nikimkatia mama majani ya kufunikia pombe ya namna hiyo hiyo. Miaka yote hii nafundisha mada ile, na sikuwahi kukumbuka mtumbwi wa mama hata siku moja. Nimeona haya mpaka sasa hivi ninapoandika.

Zile fomu sijazipeleka chuoni. Zina adabu tele, ukweli hazina. Nitawaeleza kwamba aliyeharibu zoezi ni mimi, na wakinirudisha nyuma mwaka mzima, sawa tu.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Mkuu wa shule ameniita mara mbili. Usipoonekana ndani ya wiki mbili natakiwa kulikata jina lako kwa wino mwekundu katika daftari la mahudhurio, na likishakatwa kulirudisha ni kazi kubwa. Nilikuaibisha mbele ya watu, siwezi kukuomba radhi kwa siri. Kwa hiyo kesho barua hii nitaisoma mbele ya darasa, nakala nitaibandika kwenye ubao wa matangazo, kisha Faustini atakuletea yako. Nisamehe, mwanangu. Nilikosa.

Jumatatu nililirudia somo kuanzia kwenye mtumbwi wa bibi yako. Waliuliza maswali mpaka kengele ikalia, na mengine sikuyaweza, nikawaambia siyawezi. Jana nilipoita majina nikafika kwako, Faustini akasimama: "Mwalimu, usimwandike hayupo. Mwandike amechelewa." Hakuna aliyecheka. Nami nikaandika hivyo hivyo, ingawa si utaratibu.

Msalimie bibi. Mwambie maswali nimeanza kuyapenda, ingawa nimechelewa.

Ndani ya bahasha utakuta kalamu nyekundu. Ndiyo niliyokuwa nayo, sina nyingine. Siku nitakayolazimishwa kulikata jina lako, itabidi nije kwako kuiomba.

Ni mimi,
mwalimu wako wa kemia