Binamu Kachomwa Sindano, Fundi Simu Kapona

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaumbuka, mimi ni binti wa miaka kumi na saba, najifunza ushonaji, nina mimba ya miezi mitano, kliniki walinipima damu wakakuta kaswende, nikadungwa sindano ya kwanza kati ya tatu, nesi akasema nirudi na mwenzangu naye atibiwe, sasa mwenzangu ni fundi simu, ana miaka kumi na minane na kiburi cha watu watatu, akasema yeye ni mzima, kidonda alichokuwa nacho kilikauka chenyewe, tukakosana, nami nikaona haya kurudi peke yangu, nikambembeleza binamu yangu kinyozi anisindikize, nikamwambia ni kukaa kwenye benchi tu, kumbe nesi hana muda wa maswali, akamwita ndani, "Baba kijacho, geuka," binamu akatoka anachechemea na mpaka leo hanisemeshi, kibaya zaidi kadi yangu imeandikwa mwenzi ametibiwa, fundi akaisoma akasema basi yamekwisha, si imeandikwa, tukarudiana, sindano ya pili nilidungwa siku ileile ya binamu, nimebakiza moja, nami naogopa mtoto atadhurika na naogopa nesi, nifanyeje?

Mshona nguo mwenye hofu

Binti yangu, nimecheka, kisha nimekasirika. Pole kwanza. Kaswende si laana, inatibika, na kwenda kupima ulifanya jambo ambalo watu wazima wengi hulikimbia.

Lakini jamani, tangu lini dawa ikanywewa kwa niaba? Tako la kinyozi limetibiwa, ugonjwa uko palepale kwa fundi, na huenda ameshakurudishia. Kidonda kukauka si kupona. Yeye anayefungua simu kila siku kutafuta ubovu usioonekana kwa nje, hilo lamshindaje?

Mficha uchi hazai, nawe kuzaa ndiyo safari uliyomo. Mweleze nesi yote, hata kwamba mmerudiana. Atakufokea, vumilia, halafu atakupima tena na kukwambia kama sindano zianze upya. Ya tatu usiikose siku yake. Mtoto akizaliwa naye apimwe. Mwambie mama au shangazi, mzigo huu si wa mtu mmoja. Binamu muombe radhi, ana haki ya kununa.

Fundi asikuguse mpaka atibiwe na nesi aruhusu. Akigoma, mwache na uzima wake. Tumboni una mtu ambaye hajamkosea yeyote, na asipoombewa dawa na wewe, hana mwingine. Kesho kliniki ikifunguliwa, ikukute mlangoni.