Mume Wangu wa Fakture

Mume wangu mpendwa,

Kwenye simu mimi naishia kulia na wewe unaishia kusema mtandao ni mbaya. Basi leo nimekaa barazani hapa Kabondo, mtoto amelala, nakuandikia. Mama mmoja muuza samaki anapanda boti kwenda Kinshasa, ameahidi kukupa barua hii mkononi. Ukiipata, kaa chini uisome. Usisome umesimama kama mtu anayetaka kukimbia, maana tabia yako naijua.

Nina hamu na wewe hadi naona haya. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka uwanja wa ndege wa Bangboka umepakiwa juu ya toleka, baiskeli inalia kwa uzito wako, shati limejaa vumbi la mizigo. Uliingia bila hodi, moja kwa moja hadi jikoni, ukafunua sufuria. "Lituma iko?" Iko, bwana, nawa mikono kwanza! Ndege zikija tulikula lituma ya ndizi za kupondwa na samaki, zisipokuja tulikula sombe kavu, majani ya muhogo matupu, na tulicheka siku zote. Mimi nilidhani kazi ni kazi tu.

Wewe ndiye uliyenifungua macho. Wenzako walioandikishwa walikuwa na matrikile, ile namba ya mfanyakazi wa kampuni. Ndege zije zisije, mshahara wao unafika; wakiugua, kampuni inawatibu pamoja na wake zao. Wewe ulibeba masanduku yaleyale, lakini mwisho wa mwezi ulipeleka fakture, karatasi ya kudai malipo, kama mtu aliyekuja kuuza chumvi. "Miye niko sawa duka," uliniambia. "Duka ikifunga, hakuna mutu anauliza kama mwenyewe iko mugonjwa."

Halafu ikaja ile sikukuu ya wafanyakazi. Kila kampuni na kitenge chake, watu wake wanapita mistari kwa mistari kwenye defile mbele ya wakubwa. Rafiki yako mwenye matrikile alikuwa na malaria, akakuazima shati lake la kitenge. Hukuniambia neno. Nilikuwa kando ya barabara na papa yangu, aliyekuja toka Yanonge kututembelea, mara nakuona huyo, kifua mbele! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Laiti ningenyamaza. Mkuu wenu aligeuka akakuona.

"Weye hauko wa kampuni! Toka mu mustari!"

Ukatoka. Watu walicheka, na papa akaongeza chumvi kwenye kidonda: "Alors, mukwe, miye nilipatia mutoto yangu mutu wa kazi ao mutu wa fakture?" Wiki ileile ukapanda boti kwenda Kinshasa, na mimi tumbo limeshaanza kuonekana. "Nitarudia na matrikile," ulisema pale bandarini. Hukuniuliza kama mimi naihitaji hiyo matrikile. Mpaka leo hujaniuliza, na hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa nikuambie jambo ambalo kwenye simu machozi hayaniachi nilimalize. Siku uchungu uliponishika, jirani alimpigia mwenzako mmoja wa pale Bangboka. Wakaja wote, wale wa fakture. Unajua vizuri kwamba asiyebeba mzigo siku hiyo halipwi. Waliacha mizigo. Walinipeleka hospitali, wakatafuta dawa, wakakaa nje mpaka mtoto akalia. Mmoja alinifulia nguo, mwanaume mzima, na akazifua vibaya, Mungu ambariki.

Papa alifika, akawakuta wamejaa kwenye kibaraza cha hospitali. Akaniuliza, "Bale batu ni ba nani?"

Nikamwambia, "Ni kampuni ya bwana yangu."

Akatoka kwenda kuwanunulia kwanga, mikate ya muhogo. Jioni akakaa kando ya kitanda changu: "Mama, ambia mukwe arudie. Mudomo yangu ilinitangulia." Papa yangu, yule unayemjua! Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote.

Sikudanganyi, maisha ni magumu. Nauza mandazi, na siku nyingine nakula yaliyobaki. Hiyo namba ingetusaidia, nani anakataa? Lakini nilipokupenda sikukuuliza unalipwaje. Nilimpenda yule mtu anayefunua sufuria bila kunawa.

Kwetu ni baba anayemshika mtoto mbele ya jamaa na kulitaja jina. Nikikuuliza, unasema, ngoja kwanza niandikishwe. Nangoja. Padri anauliza, majirani wanauliza, binti yako ameanza kukaa na bado tunamwita Bebe. Akisikia sauti ya mwanaume mlangoni, anageuka haraka. Anaangalia, kisha ananigeukia mimi.

Njoo mikono mitupu, mume wangu. Tuna jina tu la kukuomba.

Ubaki salama huko, na usichelewe.

Mkeo,
mama wa Bebe