Sikuinuka Kwenye Ubeti Ule

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu sikuletei. Nimejaribu kuanza nazo nikaona najidanganya, maana nina hasira nawe, na si za jana. Barua hii naiandika wazi, atakaye na aisome, kwa sababu balaa lenyewe lilionyeshwa wazi kwenye televisheni, Temeke nzima ikitazama.

Unakumbuka taarabu ilipokuwa ya redio na kaseti? Sauti tu, sura kila mtu anajichorea mwenyewe. Zikaja televisheni, na video zikaja na mambo yake. Lazima mwimbaji apelekwe hoteli ya Mbezi Beach, asimame kando ya maua, ayumbe kushoto na kulia, abadilishe magauni kama manne ndani ya wimbo mmoja, kisha aegemee gari ambalo si lake. Tulizicheka mpaka machozi. "Huyu kaenda kuimba au kaenda kuuza maua?" ulisema, nami nikakupiga kofi la paja.

Kisha watu wa video wakaja kupiga picha za taarabu ukumbini kwetu. Tulikaa pamoja, kama kawaida yetu. Ulipofika ubeti wa rafiki anayekusitiri, niliinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa noti, nikasimama mbele yako kwanza, nikakuelekezea ile noti. Ukacheka. "Haya bibi, nimesikia." Nani asiyejua maana yake? Ubeti unaoinukia ndio maneno yako, na unayemtazama ndiye unayemwambia. Nilikuwa nakushukuru kwa ajili ya Rukia, mwanangu, uliyemlea kama uliyemzaa miaka yote niliyokuwa nashinda sokoni.

Video ilipotoka tulijazana kwa Mama Saidi, mwenye televisheni. Ukafika ubeti ule mwingine, wa kumcheka mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto. Na nani anaonekana akiinuka? Mimi, noti mkononi. Halafu sura yako, umekaa, unatabasamu. Wanawake wakapiga vigelegele. Ukajifunga khanga yako vizuri, ukatoka. Mwezi haukuisha, ukahamia Pugu.

Nilimfuata mpiga picha. Kijana aliyezoea harusi, wala hakuona kosa lake. "Mama, ubeti ule ulikosa picha za kujazia, nikachomeka zenu, si mlipendeza? Kwani tofauti yake nini? Mlikuwa mnatunza tu." Nilimtukana nisivyowahi kumtukana mtu. Lakini yeye nimeshamsamehe, kwa sababu hajui kitu.

Wewe unajua. Wewe ulikuwepo, uliona kwa macho yako nimeinuka wapi, na ulinijibu kwa mdomo wako. Ukaacha ulichokiona, ukaamini kilichokatwa na kuunganishwa na mtu asiyejua hata tunatunza kwa nini. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilipokuja Pugu jirani yako aliniambia hupo, na ndala zako naziona mlangoni. Nikageuza, nikarudi Temeke.

Ungenitukana ningekujibu. Tungegombana, tungelia, yangeisha. Umeninyima hata ugomvi, Mwanaisha, na mie sijui kugombana peke yangu.

Sasa Rukia anaolewa. Nimemtajia wanawake wa kuwa somo wake, wa kumfunda na kumkalisha, kawakataa wote. "Mie somo wangu yuko Pugu," kaniambia. "Nyie nunianeni mnavyotaka, ila msinigawe."

Kwa hiyo njoo. Sikuombi radhi kwa neno nisilolisema, na siahidi kukupokea kwa uso mzuri. Nitakusema mbele ya wageni, nawe unijibu, wasikie wote. Ndani kuna mtu anakusubiri, na mimi sina haki ya kukaa mahali pako.

Ni mimi,
mama mwenzio wa Rukia